Kucheza Half-Life 2 kwa miwani ya VR ukiwa na laki nane

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Morogoro. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 7050 ya mnara, prosesa i5-7500, ram GB 8, haina kadi ya michoro. Nimejibana nikapata shilingi laki nane. Nataka kucheza gemu ya kufyatua risasi, hasa Half-Life 2, ndani ya uhalisia pepe (VR). Rafiki yangu anauza boksi la kuwekea simu usoni kwa elfu thelathini na tano, na anasema picha ya kompyuta inaweza kurushwa kwenye simu, kwa hiyo hela yote inayobaki ninunue kadi. Je, yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Rafiki yako hakudanganyi anaposema kwamba jambo hilo linawezekana. Anachokosea ni mpangilio wa matumizi, kwa kuwa amekushauri utie karibu fedha yote kwenye kadi, na kitu kitakachokaa usoni mwako ukigharimie kwa elfu thelathini na tano. Mimi ningefanya kinyume chake: ningenunua kwanza miwani ya VR iliyotumika, yenye kamera zake na rimoti zake mbili, nikaanza kuitumia kabla hata kompyuta haijafunguliwa, kisha nikajipanga taratibu kwa kadi ya wastani tu, kwa sababu gemu uliyoichagua ina zaidi ya miaka 20 na haidai kadi kubwa. Kwenye umeme wa kompyuta yako nitakaa zaidi kuliko kwingine, kwa maana hapo ndipo watu huunguza vitu.

Nianze na boksi la simu, ambalo kwa kweli ni lenzi mbili na kipande cha plastiki. Programu iliyoko kwenye kompyuta huigawa picha ya gemu mara mbili, moja kwa kila jicho, huibana kama video na kuirusha kwa Wi-Fi hadi kwenye simu. Simu nayo hutumia gairoskopu yake kujua umegeuza kichwa upande gani, na huirudishia kompyuta habari hiyo kana kwamba umesogeza mausi. Nimewahi kuunganisha mtambo wa namna hiyo mwenyewe, na kwa dakika kumi za mwanzo unafurahisha. Tatizo liko kwenye kile ambacho simu haikijui. Fanya jaribio hili hapo ulipokaa: nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele yako, fumba jicho moja, kisha ulinganishe kidole na ukingo wa mlango. Sasa sogeza kichwa kushoto kiasi cha shubiri moja bila kukigeuza hata kidogo. Kidole na mlango vimeachana, sivyo? Gairoskopu haikuona chochote, kwa sababu yenyewe hupima kugeuka, haipimi kusogea. Na katika gemu ya risasi, kuchungulia pembeni ya ukuta, kuinama chini ya dirisha na kukwepa kitu kinachokujia usoni, yote hayo ni kusogea. Mwili unajua kwamba umesogea, macho yanakana, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi huo.

Mkono nao unaachwa nje. Kwa boksi la simu bunduki inakuwa imegandishwa kwenye pua yako: unapotazama ndipo inapolenga, na kufyatua unafyatua kwa mausi au kibodi usivyoviona. Juu ya hayo kuna ucheleweshaji. Watengenezaji wa mitambo hii kwa muda mrefu wamechukua milisekunde 20, kuanzia kichwa kinapotikisika hadi picha inapobadilika, kuwa kikomo cha kuvumilika, na safari ya kubana picha, kuirusha hewani, kuifungua kwenye simu na kungoja kioo cha Hz 60, yaani kinachobadili picha mara 60 kila sekunde, hukivuka kikomo hicho kwa mbali. Miwani ya kweli nayo hupokea picha iliyochelewa inapounganishwa na kompyuta, ila ina hila yake: sekunde ya mwisho kabla ya kuionyesha, yenyewe huisogeza picha hiyo ifuate kichwa kilipo wakati huo, jambo ambalo simu iliyofungiwa kwenye boksi hulifanya kwa shida. Google, walioanzisha wimbi la maboksi ya karatasi ngumu mwaka 2014, waliacha kuyauza Machi 2021. Ukipewa boksi hilo bure lichukue, lifae kutazamia video za nyuzi 360, kununua usinunue.

Sasa tuje kwenye gemu yenyewe, maana hapo ndipo umeokoa fedha bila kujua. Half-Life 2 ilitoka Novemba 2004, na kompyuta dhaifu kabisa iliyotajwa kuiweza wakati huo ilikuwa na prosesa ya GHz 1.2 na ram ya MB 256. Half-Life: Alyx, ambayo Valve, watengenezaji hao hao wa Half-Life 2, waliitoa Machi 2020 ikiwa imekusudiwa VR tangu mwanzo, inataka angalau i5-7500 kama hiyo yako, ram GB 12, na kadi ya GTX 1060 ya GB 6 au RX 580. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kwenye VR kuliko kwenye kioo cha kawaida. Kioo chako cha 1920 kwa 1080 kina pikseli milioni 2 na kidogo. Miwani kama Quest 2 ya kampuni ya Meta ina 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, yaani kama milioni 7 kwa macho yote mawili, zaidi ya mara tatu, na kadi inatakiwa kuzichora upya mara 72 kila sekunde hata ukichagua kasi ya chini. Hiyo ina maana kwamba kila picha ina chini ya milisekunde 14 za kukamilika, na ikikosa muda huo hutaona gemu ikikwamakwama tu kama kwenye kioo. Dunia nzima itatetemeka mbele ya macho yako. Umri wa gemu, basi, ni punguzo kubwa kuliko lolote utakalopewa dukani.

Half-Life 2 yenyewe haikuja na VR ya namna tunayoizungumzia. Septemba 2022 kikundi cha wapenzi wake kilitoa Half-Life 2: VR Mod kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni, bure kabisa kwa kila mwenye gemu ya asili kwenye akaunti yake. Gemu ya asili huuzwa dola 9.99, wakati wa mapunguzo hushuka sana, na Novemba 2024, ilipotimiza miaka 20, iligawiwa bure kwa siku chache. Kwa hiyo uiweke kwenye orodha yako ya matamanio hapo Steam na usubiri, kisha ulipe kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma yako ya fedha za simu. Katika toleo hilo bunduki iko mkononi mwako kwelikweli: risasi zikiisha unatoa magazini, unachukua nyingine na kuipachika mwenyewe, na Combine, yaani maadui wa gemu hiyo, hawakusubiri umalize. Mara ya kwanza nilipoicheza niliangusha magazini chini, nikainama kuitafuta, na nikauawa nikiwa nimeinama. Kwa mausi jambo hilo lisingetokea, na kwangu hiyo ndiyo sababu nzima ya kutafuta VR.

Kuhusu miwani, kwa fedha yako tazama Quest 2 iliyotumika. Ilitoka Oktoba 2020 kwa dola 299 na haitengenezwi tena, kwa hiyo iliyopo sokoni mara nyingi ni ya mtumba, na bei yake imeshuka sana. Quest 3S ya Oktoba 2024 ni bora, lakini bei yake ya kuanzia huko Marekani ilipotoka ilikuwa dola 299.99, na laki nane yako ni dola 300 na ushei kabla ya usafiri na ushuru, hivyo ingemeza kila kitu. Utakutana pia na miwani ya bei ya chini zaidi ya Windows Mixed Reality, iliyotolewa na Acer, HP, Lenovo na wengineo kuanzia 2017. Microsoft walitangaza Desemba 2023 kwamba wanaiachisha, na kwenye Windows 11 toleo la 24H2 imeondolewa kabisa. Zaidi ya hilo, miwani hiyo haina kompyuta ndani yake, kwa hiyo kwako wewe usiye na kadi itakaa kabatini. Quest ya kwanza ya 2019 nayo iache, kwa sababu imekwisha kukatiwa masasisho.

Unapokwenda kuikagua Quest 2, nenda mchana na usiinunue ikiwa imezimwa. Kwanza igeuze utazame ndani kupitia lenzi huku kioo kikionyesha kitu cheupe, ukitafuta madoa ya manjano au meusi yasiyohama. Lenzi hizi ni miwani ya kukuzia: jua likiingia kupitia kwake, hukusanyika kwenye kioo kilicho nyuma na kukiunguza kwa muda mfupi sana, na doa hilo halitibiki. Kwa jua letu hili, mtu aliyeiacha miwani dirishani kwa robo saa anaweza kuwa ameiharibu bila kujua, na wewe ukiipata usiiweke kamwe lenzi zikitazama nje. Pili, shika rimoti na uache vijiti vyake bila kuvigusa. Kama kielekezi kinatembea peke yake, vijiti vimechakaa. Tatu, mwambie muuzaji aifute irudi kama ilivyotoka kiwandani mbele yako, kisha uiunganishe na akaunti yako kwa simu yako kabla fedha haijabadilisha mkono. Nne, pima umbali kati ya mboni zako kwa rula mbele ya kioo cha kujitazamia, kwa kuwa Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi, milimita 58, 63 na 68, na ukiweka isiyokufaa utalaumu kadi kwa ukungu usiosababishwa na kadi.

Sasa faida ya kuanza na miwani. Quest 2 ina prosesa na betri yake yenyewe, na wapenzi wa gemu za zamani wamezihamishia humo gemu kadhaa za risasi za kompyuta. Mojawapo ni Lambda1VR, inayoendesha Half-Life ya kwanza, ile ya 1998, moja kwa moja ndani ya miwani. Programu ni ya bure, lakini mafaili ya gemu unatakiwa uwe nayo kihalali: unanunua Half-Life kwenye Steam, unaipakua kwenye OptiPlex yako kama ilivyo, unaiwekea miwani hali ya msanidi, unaingiza programu kupitia SideQuest, chombo cha kuwekea miwani programu zisizo kwenye duka lake rasmi, kisha unanakili folda iitwayo valve kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye folda ya xash ndani ya miwani. Kadi ya michoro haikuhusika popote. Kuna pia QuakeQuest kwa wapenzi wa Quake. Hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuingia ndani ya gemu ya risasi ya kompyuta kwa mwili mzima, na itakupa miezi ya kujua kama tumbo lako linakubali VR kabla hujanunua kadi. Wapo ambao halikubali, na ni heri kujua mapema.

Ukifika wakati wa kadi, lengo lako liwe GTX 1060 ya GB 6. Inatosha kwa Half-Life 2, ndiyo kima cha chini cha Alyx endapo siku moja utaongeza ram, na ina sehemu maalumu ya kubana video, ambayo ndiyo inayoifikisha picha kwenye miwani. Usishangae ukisikia kwamba NVIDIA, watengenezaji wake, walisitisha madereva (programu zinazoiendesha kadi) ya kawaida ya kizazi hicho Oktoba 2025 na kubakiza ya usalama tu hadi Oktoba 2028; gemu ya 2004 haitakosa kitu. GTX 1650 ya kawaida inavutia kwa sababu matoleo yake mengi hayahitaji waya wa umeme, lakini Meta hawakuiweka kwenye orodha ya kadi wanazozikubali, na wewe huna fedha ya kubahatisha. Kadi bandia nazo ni nyingi: kadi kuukuu hubadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kuwa GTX 1060. Beba GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi, uifungue kwenye kompyuta ya muuzaji, na usome mstari wa Shaders. Ya GB 6 husoma 1280. Ikisoma 1152, umeletewa ile ya GB 3. Ikisoma kingine chochote, rudi nyumbani.

Kadi hiyo hula hadi wati 120. Tundu la ubao mama hutoa wati 75, na zinazobaki huja kwa waya wa pini 6 kutoka kwenye pawa saplai. OptiPlex yako ya mnara kwa kawaida ina pawa saplai ya wati 240 na haina waya huo kabisa. Hapa ndipo utakapoambiwa na mtu fulani kwamba upo waya mdogo wa kugeuzia, upande mmoja plagi ya SATA ya kulishia diski, upande wa pili pini 6, na kwamba kazi imekwisha. Usikubali. Plagi ya SATA imetengenezwa kupitisha ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, ilhali pini 6 zina ruhusa ya kuvuta wati 75. Niliwahi kuletewa kompyuta iliyofungwa hivyo na fundi mwingine. Mwenyewe alilalamika kwamba inazimika katikati ya gemu. Nilipoivuta plagi ile, nusu yake ilibaki imeshikamana na nusu nyingine, plastiki nyeusi imekuwa ya kahawia na kulainika kama nta, na harufu yake ilikaa mezani kwangu hadi kesho yake. Pawa saplai yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokuwa kinaungua ni kiungo cha bei ya soda mbili.

Njia sahihi ni kubadilisha pawa saplai, na hapo kuna kikwazo cha pili: ubao wa OptiPlex hautumii plagi ya kawaida ya pini 24. Unanunua pawa saplai ya kawaida ya ATX ya wati 400 au zaidi, ya jina linaloaminika hata kama ni ya mtumba, pamoja na waya wa kugeuzia kutoka pini 24 kwenda kwenye plagi ya Dell, ambayo ni ya pini 6 kwenye kizazi chako na ya pini 8 kwenye baadhi ya vizazi vya nyuma. Waya huu si sawa na ule wa SATA, kwa sababu pini 6 za kadi zitalishwa na waya wake halali kutoka kwenye pawa saplai mpya. Pima pia nafasi ndani ya kasha. Kadi ya feni moja itakupunguzia usumbufu. Ram ongeza GB 8 nyingine ya DDR4 ukiweza, ila hiyo inaweza kungoja.

Kuunganisha miwani na kompyuta hakuhitaji waya rasmi wa bei mbaya. Tangu 2020 muunganisho wa Meta unakubali hata USB 2, hivyo waya mzuri wa USB-C wa simu unaopitisha data utafanya kazi, ingawa picha itabanwa zaidi. Bila waya, tumia Steam Link, ambayo Valve waliileta kwenye Quest bure Novemba 2023: kompyuta iwe imechomekwa kwenye ruta kwa waya wa mtandao, na miwani ishike Wi-Fi ya GHz 5 katika chumba hichohicho. Wengi huogopa bando. Picha hiyo inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta na kuingia kwenye miwani bila kugusa intaneti, kwa hiyo haili bando lolote. Kinachokula ni kupakua gemu, na hilo unaweza kulifanya kwenye Wi-Fi ya chuo. Ruta ndogo za mfukoni zenye GHz 2.4 pekee hazitafaa, na kama ndiyo uliyo nayo, baki na waya.

Ndani ya mipangilio, weka miwani kwenye Hz 72, si 90. Gemu ikilemewa, shusha ukali wa picha kwenye SteamVR hatua kwa hatua badala ya kutegemea ile huduma inayobuni picha za katikati, kwa sababu kwenye gemu ya risasi kingo za bunduki huanza kuyumba kama moshi na kulenga kunakuwa kazi. Kugeuka kuwe kwa mikato, si kwa kuzunguka taratibu. Sehemu za gemu unapoendesha boti na gari zitakusumbua hata ukizoea, kwa hiyo zicheze ukiwa umeketi, robo saa kwa mkupuo mmoja, na ukihisi jasho la baridi vua mara moja. Ukijikaza, kichefuchefu kitakaa nawe hadi usiku. Feni ya mezani ikikupulizia kutoka upande mmoja husaidia kuliko unavyodhani, kwani pamoja na kukupoza inakukumbusha daima mlango uko wapi. Pangaboi, kwa upande wake, lizime, maana utarusha bomu la mkono siku moja na rimoti itafika darini. Chumba kiwe na taa inayowaka, kwa kuwa kamera za miwani hujielekeza kwa kuona, na umeme ukikatika usiku hata miwani yenye betri kamili itapoteza mikono yako.

Kwa laki nane, basi, anza na miwani na gemu ya 1998, na kiasi kitakachobaki kiweke kando kwa pawa saplai kabla ya kadi. Wikendi hii fungua kasha la kompyuta, isome karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa pawa saplai, hesabu pini za plagi inayoingia kwenye ubao mama, na unitumie namba hizo; bila hizo siwezi kukutajia waya wa kununua.